Bidoni Moja kwa Nusu Mita

Feza mwanangu,

Umekwenda Makiso na mama yako kuwaaga shangazi zako, na nawajua shangazi zako, hawatakuachia kabla hujala lituma yao ya ndizi mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima peke yangu. Mdogo wako Musafiri yuko mpirani. Nyumbani nimebaki mimi na ile kle ya kipimo, spana inayopima nguvu ya kukaza, uliyotuchagulia juzi, imelala ndani ya sanduku lake juu ya meza. Nimelifungua na kulifunga sanduku hilo mara nyingi sana tangu asubuhi. Jirani akinichungulia dirishani atasema mzee amepata bibi mpya.

Mambo ya chandarua, ya kufunga mlango, ya kutofuata mtu usiyemjua pale uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mama yako amekwambia tangu Jumatatu na atakwambia tena kesho ndani ya gari. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na miwili bila kulitoa mdomoni. Litakuudhi. Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukiwa umeudhika.

Nianze na siku ile ya dukani, maana ndiyo iliyonivunja.

Uliona mwenyewe nilivyoingia na kifua mbele. Wewe ulikuwa umesema kabla hujaondoka lazima nyumba hii iwe na kle inayojua kiasi cha kukaza, na mimi nilikubali kama mtu anayekubali dawa. Nikaelekea moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote, yenye mpini kama mchi. Nikaishika, nikaipenda. Muuzaji alifurahi. Wewe ukamwuliza kwa upole kipimo chake kinaishia wapi, akasema nyutoni-mita mia tatu na hamsini. Nati za magurudumu yetu zinataka mia na tatu, kitabu cha gari kinasema hivyo, na mimi kitabu hicho nimekiwekea glasi ya chai miaka yote bila kukifungua.

Ukanigeukia ukasema, mbele ya muuzaji, "Papa, kle ya namna hii inaonaka muzuri katikati. Kule mwanzo na kule mwisho inabahatishaka tu. Tutafute yenye mia na tatu yetu iko karibu na katikati."

Nilikuwa bado nimeishika ile kubwa. Sikujua niiweke wapi.

Zikabaki mbili zilizofaa, zote zinaanzia arobaini na kuishia mia mbili. Moja inang'aa, nzito, sanduku la chuma, na karatasi ya cheti ndani yake yenye mihuri. Nyingine ya kawaida, sanduku la plastiki, kifungo kimoja kimevunjika. Ningekuwa peke yangu ningetoka na ile inayong'aa, na ningeitundikia cheti chake ukutani. Wewe ukamwomba muuzaji bidoni ya maji. Yule bwana akadhani una kiu, akakuletea glasi.

Sitasahau yaliyofuata. Ulikibana kichwa cha kle kwenye kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani kwake, mpini ukalala sawasawa hewani. Ukapima nusu mita kutoka kichwani ukafunga kamba. Bidoni ya njano, lita ishirini, imejaa mpaka mdomoni. Hesabu uliandika kwenye kiganja kwa kalamu: maji kilo ishirini, bidoni yenyewe kilo moja, mara tisa nukta nane za mvuto wa dunia, mara nusu mita, inatoa mia na tatu. Ukaweka kipimo kwenye mia, maana nguvu ikifika pale ilipowekwa kle hugonga tak, ukaning'iniza bidoni taratibu. Mpagazi mmoja aliyesimama mlangoni akakwambia "Malembe, mama, malembe", kana kwamba umebeba mayai.

Ile inayong'aa haikusema kitu. Ukashusha kipimo mpaka themanini, kimya. Mpaka sitini, ndipo ikagonga. Maana yake, ulinieleza, mtu anaiambia sitini na yenyewe inakaza mia na tatu. Ukiiambia mia, nati imekwisha. Ile ya plastiki uliiweka kwenye mia, ukaachia bidoni, ikasema tak. Ukapandisha mia na kumi, ikanyamaza. Ukarudi mia, tak. Mara tatu ulifanya hivyo, mara tatu ikajibu vilevile.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Muuzaji alikaa juu ya kreti, akaichukua ile karatasi yake ya mihuri, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, kisha akakuomba umpimie na nyingine zote alizo nazo. Ukampimia. Saa nzima. Mimi nilisimama pembeni nimekushikia mkoba.

Mwanangu, nilishikwa na hofu, lakini hofu nzuri. Ni ile ninayoisikia nikisimama karibu na maporomoko ya Tshopo maji yakiwa yamejaa, kifua kinatetemeka na hutaki kuondoka. Nilikuwa natazama mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu. Na nilikuwa natazama bidoni. Bidoni kama ile mama yako ameibeba kichwani kila mara bomba lilipokauka. Wewe uliibeba ukiwa na miaka kumi na mitatu, ukilalamika. Kumbe uzito unaotosha kukaza nati ya gurudumu, gari likabeba watu watano na mizigo yao barabara nzima, ni uzito huohuo. Si zaidi. Niliirudia hesabu ile moyoni njia nzima na kila nikifika mwisho nashangaa upya.

Ndipo, tukiwa ndani ya gari tunarudi nyumbani Mangobo, ukasema lile neno. Ulisema huku ukitazama nje, kama jambo dogo. Ulisema ni Papa Bolaya, yule kwado aliyekuwa akiziba matairi pale kwenye mzunguko, aliyekufanya usome mekanika. Ulisema ulijiapia ukiwa na miaka saba kwamba hutakuwa fundi wa namna yake, anayekaza kwa mabavu halafu mama wa mtu anakwama porini.

Niliendelea kuendesha. Ukadhani nimechoka.

Sasa nikupe siku ile ya barabara ya Bengamisa kama ilivyokuwa, si kama ninavyoisimulia sikukuu watu wakicheka.

Ile ya sikukuu unaijua kwa moyo. Tumetoka msibani, mama yako ana mimba ya miezi minane, tairi la nyuma linapasuka, nati hazifunguki kwa sababu kwado wa pale kwenye mzunguko alizikaza kama shetani, mama yako anazalia jikoni kwa mama mmoja wa kando ya njia, na mtoto anaitwa Musafiri. Watu wanapiga makofi. Mimi naongezewa wali.

Yote ni kweli isipokuwa kwado.

Siku moja kabla ya safari nilipeleka tairi lile kwa Papa Bolaya. Aliliziba, akalirudisha, akakaza nati tano kwa kle yake ya kawaida, kwa mikono miwili, bila kupanda juu yake. Kisha akafuta mikono akaniambia, "Papa Feza, iko sawa. Inatosha." Mimi nilimtazama nikaona mtu mwembamba. Nikasema moyoni, huyu hana nguvu. Nilipofika nyumbani nikachukua lile bomba la chuma, unalijua, lile lililokuwa nyuma ya choo, nikalichomeka kwenye mpini wa kle, nikapanda juu yake nikarukaruka. Nati moja baada ya nyingine. Niliacha tu ziliposikika zinalia. Kwetu, nilipokua, ndivyo tulivyojua: nati isiyolia haijakazwa. Siku mbili kabla nilikuwa nimeharibu mfuniko wa oili kwa mtindo huohuo, uzi wote umelika, na nilikuwa nimesema chuma cha siku hizi ni kibovu. Sikujifunza kitu.

Kesho yake, pale barabarani, wewe ulikuwa na miaka saba. Ulikaa nyuma ya gurudumu la mbele umeshikilia jiwe gari lisirudi nyuma, kwa sababu nilikwambia ushikilie, na hukuliachia hata mama yako alipoanza kupiga kelele. Mimi nilisimama juu ya kle. Niliruka juu yake. Kle ikapinda. Jasho likaniingia machoni, nikawa naziona nati tano zimenikazia macho nami siwezi kuzifanya kitu, na nilijua, Feza, tangu mruko wa kwanza nilijua ni nani aliyezikaza. Nilikuwa nashindana na mimi mwenyewe wa jana, na yule wa jana alikuwa na bomba.

Mama yako alichukuliwa na yule mama mwenye nyumba. Damu ilikuwa nyingi. Nilisikia sauti yake ikipungua, halafu nikasikia sauti nyingine, ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia. Mpaka leo sijui nilifanya nini dakika ile. Nadhani nilikaa chini barabarani.

Baadaye lilikuja lori. Dereva alikuwa na bomba refu kuliko langu, yeye na msaidizi wake wakafungua, na nati mbili zikakatika kabisa. Alijifuta mikono akauliza, "Nani alikaza hii namna hii?"

Wewe ulikuwa umesimama pale, jiwe bado mkononi. Ulinitazama. Ulitaka kujua.

Nikasema, "Kwado wa kwetu."

Dereva akasema, "Huyo kwado atauwa batu."

Ni hayo tu. Maneno matatu, nikayasema kwa sababu sikutaka unitazame na jiwe lile mkononi ukiwa unajua. Mama yako alilazwa wiki tatu hospitalini, na watu waliokuja kumwona wakanikuta nimeshaizoea hadithi. Kila nilipoirudia ilikuwa nyepesi zaidi. Niliongeza shetani. Niliongeza kwamba alikuwa amelewa, na Papa Bolaya hanywi. Watu wa teksi wakaacha kwenda kwake. Mwaka ule ule akaondoka pale kwenye mzunguko, akahamia nyuma ya soko, na mpaka leo anaziba matairi ya pikipiki na ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, magari hayaendi. Nilipita njia nyingine miaka kumi na miwili. Mangobo si kubwa hivyo, lakini mwenye haya hujua vichochoro vyote.

Na wewe ukakua juu ya hadithi ile. Ulipochagua shule ya ufundi, msichana peke yake darasani, nilikutetea kwa wajomba zako wote nikajiona baba wa maana. Sikukwambia kwamba unachokikimbia kiko nyumbani, kinakula na wewe. Kesho unakwenda Lubumbashi kukaza nati za magari makubwa kuliko nyumba hii, na watu watapanda ndani yake wakiamini mikono yako. Sikutaka uende na jina la mtu asiye na kosa.

Juzi ile, baada ya duka, nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Aliendelea kuchambua muda mrefu, jani moja moja, mpaka nikatamani anitukane. Ndipo akaniuliza, "Na Bolaya je?" Hakuuliza juu yake mwenyewe, aliyelala jikoni kwa watu akimwaga damu. Nimeishi na mama yako miaka ishirini na mitatu na bado ananishangaza hivyo, bila kutangaza. Leo asubuhi wewe ukiwa bado unafunga mizigo nilitoka, na yeye amekupeleka Makiso ili nipate nafasi ya kukuandikia. Usidhani shangazi zako walikuwa na haraka.

Nilikwenda nyuma ya soko na kle yako chini ya kwapa. Papa Bolaya alikuwa amekaa kwenye kigoda, mpira wa baiskeli umezama kwenye beseni la maji, anatafuta povu. Amezeeka. Akanipa kigoda kingine kabla sijasema lolote, kama vile nilipita jana.

Nikamwambia yote. Bomba, miruko, dereva, hadithi za sikukuu. Alinisikiliza huku anauzungusha mpira majini. Nilipomaliza akasema, "Nilijuaka."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, angesimama pale kwenye mzunguko akaniaibisha, kila mtu angemwamini.

Akautoa mpira majini akauweka magotini. Akasema, "Mutoto wako alikuwa anapitaka hapa kila siku kuenda masomo. Kadogo, na mufuko mukubwa. Alikuwa ananitazamaka na hasira. Nikasema, bon, heri achukie mimi. Mimi si papa yake."

Feza, nimesikia mahubiri mengi msikitini na mengine nimeyasikia kupitia ukuta wa kanisa la jirani. Hakuna neno lililonipiga namna ile. Mtu huyu aliona kazi yake inamwondoka, gari baada ya gari, na kila asubuhi anaona mtoto anapita na mkoba amekunja uso, akahesabu, akaona afadhali apoteze yeye kuliko wewe upoteze baba. Mtoto wa Mangobo asiye wake. Nililia mbele ya watu wa toleka, na hawakuniuliza.

Aliponiacha nikamaliza kulia, aliuliza kile kitu chini ya kwapa ni nini. Nikamwonyesha. Nikamweleza habari ya bidoni vibaya vibaya, si kama wewe, lakini alielewa kabla sijafika katikati. Hakuniamini kwamba ni bidoni moja. Akajaza ya kwake. Tulibana kichwa cha kle kwenye chuma chake cha kazi, tukafunga kamba kwenye nusu mita, tukaning'iniza. Tak. Akaweka kiganja chini ya bidoni, akainyanyua kidogo, akaishusha, akaisikiliza tena.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, Papa Bolaya."

Kisha nikamwomba jambo. Gari letu nilikuwa nimeliegesha pale. Nikalegeza nati moja, moja tu, usinikasirikie, nikamwomba aikaze kama alivyokaza siku ile, kwa kle yake mwenyewe. Akakaza kwa mikono miwili, bila kupanda, akafuta mikono. Hakusema inatosha, lakini nilimwona mdomo umetaka. Nikachukua kle ya kipimo, nikaiweka kwenye mia. Ikagonga papo hapo. Nikaiweka kwenye mia na kumi, nati ikasogea kidogo ndipo ikagonga, maana yake aliikaza katikati ya hizo mbili.

Kipimo kilikuwa kwenye mikono yake tangu zamani. Bila kitabu, bila cheti, bila bidoni. Mimi nilimwona mtu huyo hana nguvu, nikaenda kutafuta bomba.

Nililegeza nati ile nikaikaza upya kwenye mia na tatu yako, kisha nikakirudisha kipimo mpaka chini kabisa kama ulivyonifundisha, ili springi yake ilale bila mzigo. Papa Bolaya aliuliza kwa nini nafanya hivyo. Nikamwambia mtoto wangu amesema kle ikilazwa imekazwa, siku moja inaanza kusema uongo. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema mtoto huyo angependa kumwona.

Kwa hiyo kesho, tukienda uwanja wa ndege wa Bangboka, nitapitia nyuma ya soko. Amesema atatazama upepo wa matairi. Lile bomba nimeliulizia kwa fundi wa kuchomelea, atalikata liwe miguu ya benchi la Papa Bolaya. Magurudumu umeyakaza wewe jana na, ukiacha nati ile moja, sitayagusa tena. Na sikukuu ijayo nitasimulia ya kweli, mbele ya wajomba zako, wali uwepo usiwepo.

Ukitaka kushuka kumsalimia, shuka. Ukiona huwezi, baki ndani ya gari, hakuna atakayekulazimisha. Ukiwa na hasira, njoo nayo, una haki nayo, umeibeba tangu una miaka saba na ilikuwa nzito kuliko bidoni. Ila kesho usimtazame nayo yule mzee. Niangalie mimi.

Mimi ndiye papa yako.